Mdogo wangu anaenda Afrika ya Kati na kikosi cha ulinzi wa amani: siku ya kawaida kule ikoje, na abebe nini?

Dada wa Mkonze aliuliza:

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ni askari, na safari yao ya ulinzi wa amani Jamhuri ya Afrika ya Kati imekaribia. Kambi ni Berberati, mji wa magharibi mwa nchi hiyo. Kozi ya kabla ya safari wameshapewa, sheria za Umoja wa Mataifa, silaha, huduma ya kwanza, hayo sina wasiwasi nayo.

Ninachouliza ni siku ya kawaida, ile isiyo na tukio lolote. Analala kwenye nini, maji ya kuoga yanatoka wapi, ugali upo, nguo zinakaukaje, simu inachajiwaje. Hapa nyumbani Mkonze, Dodoma, tumeanza kununua vitu kwa kubahatisha: shangazi kaleta blanketi zito la Kondoa, baba anataka abebe debe la unga wa uwele. Begi lina kikomo. Nipeni vipimo, msiniambie "abebe nguo za kutosha".

Idadi ya askari, njia za doria na ratiba za walinzi msiandike, sizihitaji. Na jambo la pili: ndugu wameshaanza kumgawia matumizi ya dola zake kabla hajapanda ndege. Anayejua hesabu halisi aiweke hapa niwasomee.

---

Stoo_Kavu alijibu:

Dada, anza na mvua, kwa sababu karibu kila kitu utakachofungasha kinaitegemea hiyo. Dodoma inapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na kati ya Mei na Novemba hakuna kitu. Berberati inapata zaidi ya mara mbili ya hiyo, na miezi mikavu kweli ni Desemba hadi Februari tu. Mvua hukolea Septemba na Oktoba. Mtu akitoka hapa kwenye vumbi la Septemba akashukia kule, vitu vyake vya ngozi vinaota ukungu ndani ya wiki mbili. Mkanda, pochi, kava la simu, viatu vya kiraia, vyote.

Kwa hiyo blanketi la shangazi libaki. Usiku kuna ubaridi kidogo kipindi cha ukavu, na shuka mbili za pamba na blanketi moja jepesi vinatosha. Blanketi zito likilowa halikauki, na likianza kunuka chumba kizima kinanuka.

Malazi ni konteina au hema, kutegemea yuko kambi kuu au kituo cha mbele. Konteina ina kitanda, kabati dogo na umeme wa jenereta. Kwenye hema mambo mawili yasipofanywa siku ya kwanza yatamtesa mwaka mzima. La kwanza ni mfereji wa kuzunguka hema, kina cha sentimita 20 hadi 30, wenye mteremko wa kutolea maji. Mfereji usio na pa kumwaga ni dimbwi la mbu tu. La pili ni kamba. Ya katani ikilowa hujikaza, inaweza kung'oa vigingi usiku, kwa hiyo inalegezwa kidogo mvua ikinukia. Ya nailoni kinyume chake, ikilowa hulegea, na hiyo inakazwa tena mvua ikishaanza. Watu huchanganya aina mbili kwenye hema moja kisha wanashangaa limeinama upande.

Buti: pea mbili, na zote ziwe zimeshavaliwa hapa nyumbani angalau mwezi mmoja. Avae moja leo, nyingine kesho, ili kila moja ipate saa 24 za kukauka. Jioni atoe soli ya ndani, ajaze magazeti, na baada ya saa mbili ayabadilishe. Soksi pea 10, tena nene. Zile nyembamba za dukani zina nailoni nyingi, zinashika jasho na kuchubua kisigino. Nguo za ndani 10, fulana 6. Kandambili pea mbili, moja ya bafuni tu. Mifuko ya plastiki inayofungika mdomo, mikubwa 6 na midogo 10, ya kuwekea pasipoti, betri, soksi kavu na karatasi. Kiberiti cha gesi kimoja. Sindano, uzi wa kijani, vifungo vya kombati 10. Kamba ya kuanikia mita 10. Kufuli mbili, kila moja na funguo tatu, maana za ziada hupotea kwanza.

Kingine kinachosahaulika kila mara ni plagi. Tanzania tunatumia ya pini tatu za bapa, kule ni pini mbili za mviringo, mtindo wa Kifaransa. Asinunue adapta sita. Anunue adapta moja imara na ekstensheni moja ya Kitanzania yenye matundu manne, adapta inakaa ukutani na vyake vyote vinachomekwa kwenye ekstensheni. Jenereta zinapobadilishana zamu umeme hukatika sekunde chache na kurudi kwa kishindo, na laptopu iliyochomekwa muda huo ndiyo inayoungua chaja. Achomoe kila akisikia mlio wa jenereta unashuka.

Pawabenki ni ya milliampea-saa 20,000, inatosha na ndege inaikubali, kwa sababu ni kama wati-saa 74 na kikomo cha kawaida ni 100. Iwe kwenye begi la mkononi. Ikiwekwa kwenye begi la chini ya ndege itatolewa uwanjani na hataiona tena.

---

Kibaigwa Sokoni alijibu:

Buti zikilowa sana aziweke nyuma ya jenereta kwenye joto, dakika arobaini zimekauka. Njia fupi.

---

Stoo_Kavu alijibu:

@Kibaigwa Sokoni hapana mkuu. Joto lile linakausha ngozi ya juu, ndani bado maji. Ngozi inapasuka kwenye mkunjo wa vidole na gundi ya soli inaachia. Buti inayofungua mdomo mwezi wa pili mara nyingi ilianikwa hivyo. Magazeti, upepo na subira. Na moshi wa jenereta si mahali pa mtu kukaa akisubiri kiatu.

---

Nesi_Kondoa alijibu:

Dada, upande wa afya nitaandika kirefu kidogo, vumilia.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika kuwa ya maisha, kwa hiyo kama alishachanjwa zamani na kadi ipo asidanganywe achanjwe tena. Kadi ikae na pasipoti, na picha yake iwe kwenye simu yako wewe hapa nyumbani.

Malaria ndiyo yenyewe. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, na kijana aliyekulia Mkonze mwili wake haujaizoea kama wa mtu wa Kigoma au Geita. Kule ipo mwaka mzima. Atapewa dawa ya kinga na kikosi, na kila dawa ina utaratibu wake. Doksisaiklini ni miligramu 100 kila siku, inaanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kuondoka kule. Meflokwini ni miligramu 250 mara moja kwa wiki, inaanza wiki mbili hivi kabla, nayo inaendelea wiki nne baada ya kurudi. Hizo wiki nne za mwisho ndizo watu wanazitupa. Anashuka, anapokelewa kwa ngoma, anaona yuko salama nyumbani, anaacha vidonge, na wiki ya tatu yuko kitandani. Vijidudu bado vilikuwa kwenye ini vikisubiri.

Doksisaiklini inamezwa na chakula na glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa nusu saa, la sivyo kidonge kinanata kwenye koo la chakula na kuliunguza. Asimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, zinaizuia kuingia mwilini. Ngozi pia inaungua na jua kirahisi, mikono ya kombati ishushwe. Meflokwini kwa baadhi ya watu huleta ndoto mbaya, kizunguzungu na hofu. Akiwahi kuwa na tatizo la akili au kifafa amwambie daktari wa kikosi kabla hajapewa. Akikaa kimya kwa kuona aibu, atakuja kupewa silaha na lindo la usiku akiwa hajielewi.

Sasa jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Ukivaa, mayai yanaanguliwa na funza anaingia kwenye ngozi bila maumivu. Baada ya siku chache unaona kitu kama jipu kwenye kiuno, paja au mgongo, lina kitundu katikati na ukilitazama kwa karibu kitundu kinahema. Ni funza, yuko hai, anavuta hewa pale. Asilikamue kama jipu, maana akipasukia ndani panaota usaha. Apake vaselini nene juu ya kitundu, asubiri funza atokeze mgongo kwa kukosa hewa, ndipo abonyezwe taratibu kutoka pande mbili. Vizuri zaidi aende zahanati ya kikosi, ni kazi ya dakika tano.

Kinga yake ni pasi. Kila kitu kilichoanikwa nje kipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na mkazo uwe kwenye mishono na mipira ya kiuno, huko ndiko mayai yanakojificha. Ndiyo, na chupi. Na soksi. Na taulo. Wanaume hucheka wakisikia kupiga chupi pasi, wanacheka mpaka wiki ya tatu. Kama hakuna umeme, nguo zianikwe ndani ya chumba chenye wavu.

Fangasi wa vidole: poda kila asubuhi, na ngozi ikianza kuwa nyeupe na kuchubuka kati ya vidole apake krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, aendelee wiki mbili hadi nne hata kama muwasho umeisha siku ya tano. Tyubu mbili za kubeba.

Na mwisho, asibebe vidonge vya Mectizan vya nyumbani kwa wazo kwamba "nitasafisha minyoo". Magharibi mwa nchi ile yapo maeneo ya msitu yenye mnyoo wa macho unaoenezwa na nzi wakubwa wa mchana. Mwenye mnyoo huo kwa wingi kwenye damu akimeza Mectizan bila kupimwa anaweza kupoteza fahamu. Dawa yoyote ya minyoo aandikiwe na daktari wao.

---

Mzee wa Lindo alijibu:

Marahaba kwa watakaosalimia.

Binti, siku ya kawaida ni ndefu na haina habari. Vita vikubwa vya kule vilishika kasi waasi wa Seleka walipoingia Bangui, mji mkuu, Machi 2013, kikosi cha Umoja wa Mataifa kikachukua kazi 15 Septemba 2014, na mkataba wa amani kati ya serikali na makundi 14 ukasainiwa 6 Februari 2019. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni barabara ipitike, soko lifunguliwe, viongozi wa mtaa wakutane bila mtu kuja na panga. Askari anakaa juu ya gari la deraya akitazama watu wakiuza ndizi. Ndiyo kazi yenyewe, na wanaokwenda wakidhani wataishi kwenye mapigano huchoka haraka zaidi kuliko wengine.

Alfajiri ni mazoezi, usafi, kuhesabiwa, kifungua kinywa. Kisha doria, au kusindikiza msafara, au kazi za kambi. Lindo mara nyingi ni saa mbili kazini, nne za kupumzika, mzunguko wa siku nzima. Zile saa nne kwenye karatasi ni za kulala. Toa chakula, kuoga, kusafisha silaha, na simu ya nyumbani, zinabaki mbili na nusu. Akikata usingizi kwa ajili ya simu siku tatu mfululizo, ya nne atasinzia juu ya lindo, na hilo ni kosa la kijeshi. Ndugu mjue hivyo kabla hamjamnunia kwa kutopokea.

Fulana ya kuzuia risasi na vibao vyake ni kilo 10 na zaidi, juu yake helmeti ya bluu na risasi. Kosa la wageni ni kunywa maji kidogo ili wasiombe gari lisimame. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ameshachelewa. Anywe kidogo kidogo kila robo saa, si chupa nzima kwa mkupuo.

Kazi za kambi nyingi ni mifuko ya mchanga. Hujazwa robo tatu tu, siyo pomoni. Mfuko uliojaa pomoni ni duara, haukai juu ya mwenzake na unapasuka ukipigwa beleshi. Mdomo unakunjwa chini na kuelekezwa ndani ya ukuta, unapangwa kama tofali, kiungo cha juu kisikutane na cha chini, kisha unapigwa beleshi ulale. Mifuko ya plastiki inaliwa na jua. Ukuta mzuri wa leo baada ya miezi kadhaa unamwaga mchanga wenyewe, kwa hiyo kubadilisha mifuko ni kazi isiyoisha. Wengine huipaka udongo wa tope kuikinga na jua, inasaidia kiasi.

Mvua ikinyesha barabara zinafungwa. Wenyeji wana vizuizi vya mvua, magari mazito yanasimamishwa saa kadhaa mpaka udongo mwekundu ushike, lori likipita mapema linaiharibu barabara ya watu. Umoja wa Mataifa nao unaingia kwenye foleni ya subira. Mizigo mingi ya nchi ile hutokea bandari ya Douala kule Kameruni, ikichelewa kizuizini mboga ndizo zinazokosekana kwanza kambini.

Jambo moja la nidhamu na nitalisema wazi. Kubadilishana pesa, chakula au kazi kwa ajili ya ngono kumekatazwa kabisa, na kwa mtu wa chini ya miaka 18 hakuna utetezi wa "sikujua umri wake". Kanuni hiyo imeandikwa tangu 2003. Anarudishwa nyumbani na kesi inamfuata. Pia Berberati ni mji wa almasi, na almasi za nchi ile zilizuiwa kwenye soko halali la dunia Mei 2013, kizuizi kikalegezwa baadaye na kuondolewa 2024. Hata hivyo kijiwe kidogo cha "zawadi kwa mama" kinatosha kumfukuzisha kazi. Vilevile pembe, ngozi na nyama ya porini.

---

Mwiko Mrefu alijibu:

Nije kwenye ugali sasa, maana naona mmeuruka.

Mgawo wa chakula wa Umoja wa Mataifa umepigiwa hesabu ya kalori 4,500 kwa mtu kwa siku. Ni nyingi. Askari wa doria anazichoma, karani wa ofisini anarudi Dodoma na kitambi. Nyama na kuku huja vimegandishwa, kuna mchele, tambi, mafuta, mikebe, matunda, mboga barabara ikiruhusu. Unga wa mahindi unategemea kikosi kiliagiza nini, na oda inawekwa wiki nyingi mbele. Mpishi aliyesahau kuandika unga mwezi huu atawalisha watu tambi mwezi ujao, na atasikia maneno yao.

Kwa watu 120 hesabu ni gramu 250 za unga kwa kichwa, yaani kilo 30, na maji lita 60. Shida ya sufuria kubwa ni mabuja. Ondoa kilo 5 za unga, koroga kwenye lita 10 za maji ya baridi mpaka upotee, mimina kwenye lita 50 zinazochemka, uache uji utokote dakika kumi huku unakoroga chini. Ndipo unga uliobaki uingie kwa awamu nne. Anayemwaga unga wote kwa pamoja anapata ugali mbichi katikati na ulioungua chini, na watu 120 wenye matumbo ya gesi kwenye gari moja la deraya. Unga wa nje wakati mwingine ni wa chenga, unataka dakika kumi za ziada na maji kidogo zaidi.

Dona isikae stoo muda mrefu kwenye joto lile. Ina kiini cha mahindi chenye mafuta, inachacha. Sembe inavumilia. Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta. Jenereta ya friza ikizima usifungue mlango "kuangalia hali". Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi ubaridi siku mbili hivi, iliyo nusu ni siku moja. Kila ukifungua unakata muda huo.

Mzee apunguze debe la uwele. Kilo 2 zinatosha kama kumbukumbu. Chenye faida ni unga wa mlenda mkavu, kilo 1, umekaushwa vizuri, kwenye mifuko midogo ya gramu 100 iliyozibwa. Vijiko viwili, maji, chumvi, chembe ya magadi, nyanya ya mkebe na siagi ya karanga kutoka kwenye mgawo, mboga imeshatoka. Siku ambayo kabichi imekwama kizuizini, huyo ndiye mtu tajiri kambini. Aulize tu mapema kama mizigo ya chakula inaruhusiwa kwenye ndege yao. Na mboga ya wenyeji asiiogope, ni kisamvu kama chetu, wanakiita ngunza. Kipikwe mpaka kiive kabisa.

---

Dada wa Mkonze aliandika:

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Mzee wa Lindo shikamoo. Baba kasoma ya uwele akanyamaza, nadhani amekubali. Bado pesa na simu.

---

Karani wa Chang'ombe alijibu:

Pesa. Ile namba inayozunguka vijiweni, dola 1,400 na kitu kwa mwezi, ina asili yake. Tangu Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulikuwa unarejesha dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, kiwango ambacho kimepandishwa baadaye. Lakini hiyo inalipwa kwa serikali inayotoa askari, haiingii mfukoni mwa kijana. Askari atapata kiasi gani kwenye akaunti ni utaratibu wa nchi yake, aulize kwa mlipaji wake, siyo kijiweni.

Anachopewa mkononi na Umoja wa Mataifa ni posho ndogo ya dola 1.28 kwa siku. Siku 30 ni dola 38.40. Ya pili ni posho ya mapumziko, dola 10.50 kwa siku, isiyozidi siku 15 katika kila miezi sita, yaani dola 157.50. Wasomee ndugu hizo namba mbili polepole.

Kabla hajaondoka aweke agizo la kudumu benki, kiasi kilekile kila mwezi kwenda kwa mama au mke, tarehe 28 au wakati mshahara unapoingia. Bila hivyo kila hitaji la nyumbani linakuwa simu ya usiku. Kama ana kiwanja au kesi yoyote, amwachie mtu mmoja hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili, inayotaja jambo moja moja. Hati ya "mambo yangu yote" ndiyo inayouza viwanja. Kodi ya pango la ardhi asiisahau, deni lake linakua hata mwenyewe akiwa mbali. Kama ana shamba, mbegu na vibarua vilipwe kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu kupanga vibarua kwa simu kutoka Berberati ni kulima kwa ndoto.

Fedha ya kule ni faranga ya CFA, euro 1 ni faranga 655.957, haibadiliki. Zipo CFA za aina mbili, ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Thamani ni sawa lakini noti hazikubaliki upande wa pili, aangalie anapobadilishiwa. Abakie na noti ndogo, chenji ni shida sokoni. Zilizobaki azibadilishe kule kule kabla ya kurudi.

---

Laini Mbili alijibu:

Simu basi. Kule kuna Orange, Telecel na wengine, laini asajili kwa utaratibu wa kikosi. Intaneti ya kambi hupatikana ila saa za jioni kila mtu yupo hewani, video inakwama. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili unapita wakati video haipiti. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa mbili: kwenu saa tatu usiku, kwao ni saa moja. Mpange siku mbili za wiki na saa maalum, Jumatano na Jumapili kwa mfano. Ikishindikana, anaandika neno moja tu, "salama", na nyie msiulize yuko wapi.

Laini ya Tanzania isizimwe mwaka mzima, isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, pamoja na ujumbe wa siri za benki unaoingia humo. Aizime data ya nje, aiache kwenye simu ndogo ya batani kwa ajili ya kupokea ujumbe mfupi tu. Aulize mtandao wake gharama kabla. Namba ya siri ya pesa za simu asimwachie mtu yeyote, hata mke. Agizo la benki alilosema Karani linatosha.

Picha: kabla ya kupiga azime mahali kwenye mipangilio ya kamera. Asipige lango, ukuta, namba za magari, antena, wala ubao wa matangazo nyuma ya wenzake. Nanyi mkitumiwa picha yenye mandhari ya kambi msiweke kwenye statasi.

Lugha ni Kisango na Kifaransa. Kiswahili hakimsaidii kama kingemsaidia Goma au Beni kule Kongo. Maneno machache yanafungua nyuso za watu: balao ni salamu, singila ni asante, ngu ni maji, siriri ni amani, nginza ni pesa. La mwisho atalijifunza bila kufundishwa.

---

Dada wa Mkonze aliandika:

Nimecheka hapo mwisho. Shangazi kachukua blanketi lake. Nesi, nikuulize swali moja la kumalizia: pasi abebe ya umeme au ya mkaa?

---

Nesi_Kondoa alijibu:

Ya umeme, ndogo ya safari, wati 1,000 au chini. Zile za wati 2,000 na zaidi zikiwashwa pamoja na birika la chai zinaangusha swichi ya konteina nzima na majirani wote gizani. Moja kwa chumba inatosha, wapeane zamu na wachangie. Ya mkaa itakataliwa kwa sababu ya moto, tena ukiwa na hema ndiyo kabisa.

Na shuka nazo zipigwe pasi. Nilisahau kuziandika.